Bucha ya Kapaya, Ng'ambo

Kabla sijakaa dawatini pale chuoni Tabora
majina nilikwisha kuyajua.
Baba aliyataja moja moja, saa kumi na moja alfajiri,
mimi nimeshika tochi, meno yanagongana kwa baridi ya Juni:
hili ini, taratibu, lina nyongo ubavuni,
ikipasuka umeshamlisha mteja uchungu;
hizi figo, weka kando, za Bi Nyanzala;
haya mapafu, yapige kofi, sikia,
yamejaa hewa kama boflo.
Bwana afya akigonga muhuri wa zambarau pajani
kunakucha.

Bandama tulimtupia paka.
Na kile kinyama cheupecheupe nyuma ya tumbo
baba hakuwa na jina lake.
Alikiita mafuta tu, akakifagia kwa ubapa wa kisu.

Leo Mwalimu Sizya anaandika ubaoni: kongosho.
Chaki inalia.
Nikaona haya, kama mtu aliyepanga na jirani miaka kumi
asimsalimu hata siku moja.
Kumbe ndilo linaloamua
sukari ya chai yako iende wapi.
Na bandama, ile ya paka,
ndiko zinakozikwa chembe nyekundu za damu:
siku mia na ishirini za kubeba hewa, kisha mazishi,
na masika, homa ikiingia mitaani,
makaburi huvimba.

Kwenye msumari inaning'inia mifupa ya plastiki.
Tunaiita Bwana Harusi, maana haiachi kucheka.
Mtu mzima ana mifupa mia mbili na sita.
Bwana Harusi ana mia mbili na nne,
kidole gumba cha mguu kiliondoka na wanafunzi wa mwaka juzi.

Kunjeni ngumi, mwalimu akasema.
Moyo wako ni mkubwa kiasi hicho.
Ngumi thelathini na mbili hewani
kama tunaligombeza dari.
Nikamsikia baba, siku tuliyomzika mama:
Kabula, piga moyo konde.
Na mimi miaka yote nilidhani
anataka niuadhibu.

Ijumaa. Wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani.
Miguu yake imevimba,
ukiibonyeza, shimo linabaki na kukutazama.
Mikono iliyobeba mapaja ya ng'ombe
imelala juu ya shuka kama ameazimwa.

Unasikia nini?
Du-tup, baba. Du-tup. Halafu upepo kidogo.
Mlango mmoja haufungi sawasawa,
damu inarudi ilikotoka
kama mteja aliyesahau chenji.

Vyumba vingapi?
Vinne.
Kama wa ng'ombe.
Kama wa ng'ombe, baba.

Akanyamaza.
Miaka thelathini ameipasua katikati,
ameitundika kwenye ndoano, ameipima kwa kilo,
na yote ilimfikia ikiwa kimya.

Nikaivua stethoskopu shingoni, nikamvika masikioni,
nikaishika sahani yake baridi juu ya ubavu wa kushoto,
hapo hapo ambapo yeye angeanzia kukata.
Macho yakamtoka.
Treni ya Kigoma ikapiga honi stesheni,
nikataka kusema kitu, sijui nini.
Akainua kidole:
ngoja.