Mara Elfu Arobaini na Mbili

Saa tisa za usiku, Aveiro haijaamka.
Mimi nakanda.
Unga umenipanda mpaka kwenye nyusi,
na kichwani, badala ya vipimo vya hamira,
nahesabu milimita:
hamsini, themanini na tano, mia sita.

Miezi minne sasa.
Nimesoma majedwali hadi macho yakaingia mchanga,
nimelinganisha megapikseli kama mposaji anayechunguza ukoo,
kihisi kikubwa, kihisi kidogo,
na sijapiga picha hata ya kiatu.
Idalina, anayefungasha mikate, alinitazama mara moja.
"Mchagua jembe si mkulima, Deolindo."
Akaendelea kufunga mifuko.

Ninachotaka ni heroe.
Wakati wa baridi hutua kwenye mashamba ya chumvi,
mbali, ng'ambo ya matope,
wakasimama kwa mguu mmoja
kama watu waliosahau walichotumwa.
Hao wanadai lenzi ndefu, ndefu kama deni.
Bei yake nimeigeuza mikate midogo:
elfu sita,
kila mmoja upite kwenye viganja hivi.

Jumamosi nikapanda treni kwenda Porto.
Duka la Dona Graciete liko chini ya ngazi,
linanuka ngozi na mafuta ya cherehani.
Kamera zimepangwa kama samaki sokoni,
zote macho wazi, hakuna inayokutazama.

Nikamwambia nataka mwili mpya, wa mwaka huu.
Hakujibu. Akatoa mmoja mzee,
mpira umechubuka pale kidole gumba kinapolala.
"Ushike."
Gramu mia nane na sitini, nikasema.
Akauweka kwenye mizani: mia nane hamsini na tano.
Hapo ndipo alipotabasamu.

Akabonyeza. Kioo cha ndani kikaruka, kikarudi,
ka-cha,
kama kope za mnyama mkubwa.
"Umefumba jicho mara elfu arobaini na mbili,
na bado una nguvu."

Elfu arobaini na mbili!
Mwenyewe alikuwa mpiga picha wa harusi huko Ílhavo,
magoti yakamgomea.
Basi humu wamepita mabibi harusi, keki,
wajomba walevi, mtoto aliyelala chini ya meza,
na zile za bahati mbaya: sakafu, kidole, ncha ya kiatu.
Hakuna hata moja iliyobaki ndani.
Kioo hakiweki kinyongo.
Kinaonyesha, kinapisha.

Ile ndefu aliniruhusu niijaribu mlangoni.
Nikamwona mzee ng'ambo ya mto akimenya chungwa,
kila uzi mweupe wa ganda,
nikaona haya, kama niliyefungua barua isiyo yangu.

"Mwili utauchoka baada ya miaka sita," Dona Graciete akasema.
"Lenzi utazikwa nayo. Lakini pesa ni zako."

Pesa zangu zilitosha mwili mzee
na hamsini fupi, nene,
yenye tundu pana linalokunywa hata mwanga wa mshumaa.
Nilibishana na nafsi mpaka treni ya saa kumi na moja ikaniacha.
Nikapanda iliyofuata, mfuko nimeupakata
kama mtu atokaye hospitali ya wazazi.

Jumapili, heroe.
Kwa hamsini yangu walitoka vidoa kumi na saba vya waridi
juu ya kijivu kingi.
Jirani alidhani ni uchafu wa skrini,
akasugua kwa ncha ya kanga yake ya jikoni.
Nimezihifadhi zote.

Ile ndefu bado naiota, sitadanganya.
Lakini Jumatatu, kabla tanuri halijashika moto,
Idalina alipiga makofi kukung'uta unga
chini ya ile taa moja mbovu.
Nikafungua tundu hadi mwisho. Nikashusha pumzi.
Ka-cha.
Elfu arobaini na mbili, mia tatu na kumi na moja.

Unga umesimama hewani, chembe kwa chembe.
Uso wake umetoka ukungu.
"Futa," akasema.

Sikufuta.