Ripoti ya Katibu

Mwenyekiti, wajumbe, nasimama na daftari
lililomwagikiwa chai ukurasa wa Machi.

Ligi ya mpira wa Kigaeli ilianza na timu sita.
Nakuru wakajitoa kwa barua, basi limewafia Naivasha;
barua nimeitunza, mwandiko wake ni mzuri.

Magongo kutoka Ayalandi yalilala forodhani wiki tisa.
Fundi Ndolo wa Gikomba akatuchongea ya mjakaranda:
yakakatika yote nusu fainali, tukacheka, tukalipa.
Akachonga ya mzeituni. Hayo yangali yanapiga.

Mei, mvua. Uwanja wa Jamhuri ukawa bwawa,
magoli yetu yenye umbo la H yakabaki majini
kama viti vya jitu lililokwenda kuoga.

Rufaa tatu. Mbili hazikulipiwa ada.
Ya tatu ya Kerubo, kipa wa Ruaraka, fainali:
alidai pointi ya mwisho ilipita nje ya mlingoti.
Refa Fintan alisema ndani.
Tuliketi hadi saa nne usiku, sambusa zikapoa,
tukipigia kura kitu tulichosema
hakuna aliyekiona.
Alishindwa kwa kura moja.

Salio: shilingi elfu nne mia mbili na kumi.
Kipenga kimoja hakijulikani kilipo.

Kerubo, nakuona hapo nyuma, karibu na mlango.
Haimo kwenye ajenda, lakini iandikwe:
mpira ulipita nje. Niliuona.
Ile kura moja ilikuwa yangu.

Naomba kumbukumbu zirekebishwe.
Nani anaunga mkono?