Risasi na Risiti

Tulimlipa Mogire shilingi tano, kule Kaptembwo,
banda la mabati, gunia mlangoni kuzuia jua,
televisheni moja, na mkanda uliochakaa
hadi nyuso za watu zilikuwa na mvua ndani.

Filamu yenyewe: mji wa miaka ijayo, Kampuni inauza hewa.
Kila kifua kina mita. Ukichelewa kulipa
anakuja Mkaguzi, mtu wa chuma,
sauti ya upole kama karani wa benki.
"Samahani kwa usumbufu," anasema,
anakumiminia risasi kumi na nne,
kisha tumboni mwake inatoka karatasi.
Risiti.
Anailaza juu ya maiti, anaigonga muhuri.

Tulicheka hadi mabenchi yakalia.
Sigei alicheka akaniangukia mgongoni.
Wiki nzima shuleni tuliuana kwa vidole
na kuandikiana risiti kwenye daftari za hesabu.

Nami nilikuwa na langu la kujivunia: baba
alifanya kazi kiwanda cha betri, zamu ya usiku,
akirudi na vidole vyeusi visivyosikia sabuni.
Niliwaapia wenzangu kwamba betri za Mkaguzi
zinatengenezwa hapa hapa Nakuru.
Waliamini. Na mimi pia, nikishasema.

Baada ya kila mauaji alitokea mwanamke
mwenye meno mengi, ameshika chupa,
na hapo Mogire aliukimbiza mkanda mbele.
"Upuzi tu. Hamkulipia matangazo."
Kwa hiyo tulimwona akitafuna upepo, bubu,
mbio mbio, hadi risasi zirudi.

Jana usiku niliipata tena.
Meza ya jikoni, kompyuta ya binti yangu,
sauti chini. Hakuna Mogire wa kukimbiza kitu.
Miaka ishirini na saba, ndipo namsikia yule mama:

     Vuta leo, lipa kesho,
     hatuna neno la tisho,
     mkopo hauna mwisho,
     mteja, pumua tena.

Kumbe filamu ilikuwa hiyo.
Kumbe risasi ndizo zilizokuwa matangazo.

Ile damu ni sosi ya nyanya, hilo nililijua hata utotoni.
Nisilolijua ni kwamba ya kweli, Januari ile,
mteremko wa kwa Mogire, murram huinywa haraka
na kinachobaki ni doa kama la chai.
Sigei hakuandikiwa risiti.
Nilisimamisha filamu, nikaosha kikombe kilichokuwa safi.

Simu ikatetema mezani:
*Mpendwa mteja, deni lako limepita muda.
Samahani kwa usumbufu.*
Deni la mtungi. Mtungi wa oksijeni, wa kukodi,
umesimama chumba cha pili kando ya kitanda cha baba,
mshale wake ukishuka polepole
kama mtu anayetafuta kiti gizani.

Nilicheka. Sikutaka, kilinitoka tu,
kile kile cha bandani, cha kuangukia mgongo wa mtu.

"Unacheka nini usiku huu?" baba akauliza,
neno, pumzi, neno.
"Filamu ya zamani, baba."
Akakaa kimya muda, mtungi ukinong'ona.
"Ile yenye betri zangu?"

Sikujua kama aliwahi kusikia.
"Ndiyo," nikasema. "Ile ile."
"Bado zinawaka?"
"Bado."