Mizani ya Usiku

Tulikuwa wanne, chini ya ngazi,
jirani na tangi la maji ya moto.
Hakuna aliyetushukia ila akiwa amekasirika.
"Zima, kisha washa," tulisema,
naye alizima, akawasha, akaenda zake
bila kuuliza tunaitwa nani.

Kila mwezi tuliandika ripoti:
seva zimesimama wima siku thelathini,
malalamiko mia mbili na kumi, yamefungwa mia mbili na manane.
Mkurugenzi Dobrivoje aliikunja,
akaitegea kikombe cha kahawa.
Katika daftari lake la matumizi
sisi tulikuwa mstari wa kumi na saba,
kati ya umeme na karatasi za chooni.

Ndipo akaja Ljubinka, kutoka shirika la reli,
mfupi, sauti kama kijiko kinachogonga glasi.
Hakuomba kompyuta mpya. Aliuliza:
"Rasiberi huingiaje humu?"
Tukatazamana.
Miaka sita nakula mshahara wa rasiberi
na sijamwona mkulima hata mmoja.

Julai, saa nne usiku, akatupandisha juu.
Matrekta yamepanga foleni hadi darajani,
taa zimezimwa kuokoa betri,
na harufu ile tamu, tamu mno,
ya kitu kinachokaribia kuoza.
Stanimir yuko kwenye mizani.
Anasoma uzito, anauandika kiganjani,
kutoka kiganjani hadi kwenye stakabadhi,
na asubuhi Radojka wa uhasibu
anaunakili katika mfumo wetu,
mfumo uleule tuliousifu kwa kutozimika.
Saba ikawa moja. Jasho likafuta sifuri.
Na nyuma, kwenye matrela,
juisi inadondokea lami, to, to, to:
daraja la kwanza linageuka la pili,
la pili linageuka jamu.

Mama mmoja, Milunka, mikono imechanwa na miiba,
akaniuliza, "Wewe ndiye wa kompyuta?"
Nikaitika, kwa majivuno kidogo.
"Basi niambie
nani alinila kilo arobaini mwaka jana."

Kumbe kidonda kilikuwa mguuni
na sisi tulikuwa tunapaka dawa kofia.

Hatukununua kitu kikubwa.
Waya wa mita kumi na mbili,
kisanduku cha ukubwa wa viatu vya mtoto,
siku tisa bila usingizi,
na Stanimir, aliyetufundisha yeye,
kwa nini mizani hudanganya mvua inaponyesha.
Sasa namba hutoka kwenye chuma
ikamlilia mkulima mfukoni
kabla hajageuza trekta:
kilo, daraja, bei, siku ya malipo.

Sitasema yote yalinyooka.
Juma la pili mtambo uligoma, saa sita usiku,
wakulima themanini wakipiga honi,
nami nikashika kalamu, nikaandika kiganjani.
Wino ulikaa siku tatu.
Niliutazama kila nilipokata mkate.

Septemba, kikao cha bajeti.
Ljubinka hakutaja seva.
Aliweka mezani namba moja tu:
tani zilizofika kwenye baridi zikiwa nzima,
mwaka jana, na mwaka huu.
Dobrivoje alikuwa amefika mstari wa kumi na saba,
kalamu nyekundu mkononi.
Akasita.
"Hawa watu," akauliza, "hukaa wapi?"

Bado tuko chini ya ngazi.
Tangi bado hunguruma, bango la mlangoni bado limepinda.
Lakini jana Radojka alishuka,
na hakuna kilichoharibika.
Alisimama kizingitini, akikunja ncha ya sweta,
akasema, "Hivi, ingewezekana kweli…"
akaiacha sentensi wazi.

Tukamvutia kiti.