Kura za Maoni, Ngamiani

Kanipa kanga Mhina, pindoni jina la chama,
Semkiwa yeye hana, kaja na ahadi njema:
"Mkonge warudi tena, na treni itanguruma!"
Nami ni mtu wa jana, mageni yanipa homa.

Mwanakombo suruali, kaja kaivaa wazi,
Nikasema: kweli kweli, kwao hakuna malezi!
Ngamiani, siku mbili, maji yalipobarizi,
Ni yeye alokabili, mtaro bila ajizi.

Ya Mhina nimevaa, kanga haina makosa,
Na treni nayo, hewaa! Miaka twaipapasa.
Kalamu inakataa, mara mbili naigusa...
Nimempa. Akikaa, ajifunge hii hasa.