Kilichopungua

Sentimita kumi. Ishirini. Thelathini.
Hapo koleo hugonga changarawe na kukataa.
Anselmo Quilaqueo amepiga magoti mashariki ya seng'enge,
upande wa kondoo. Mimi niko magharibi,
ambako kwa miaka kumi na tisa hapajapita kwato.
Kati yetu nyaya saba, na upepo wa Patagonia
usiojua shamba lipi ni la nani.

Nilitarajia nini? Weusi huku, weupe kule,
kama daftari la mtoto mtiifu?
Udongo ni ule ule, rangi ya biskuti iliyolowa chai.
Ila chini ya kichaka cha neneo
kijivu kinaingia, kisha hudhurungi, kisha karibu weusi,
na mzizi mwembamba kama uzi wa kushonea kifungo
umezishika punje za mchanga zisitawanyike.
Hatua mbili kando: mtupu.

Nyika hii huweka akiba yake
kama pesa kwenye pindo la kanga,
fundo hapa, fundo kule,
na baina ya fundo na fundo ni nguo tu.

Bi Ceferina Nahuelpán anatujia na birika.
Kinywaji chao huitwa mate. Ulimi wangu bado hucheka,
lakini mrija ni mmoja na midomo ni mitatu,
basi jina halikukosea sana.
Anasema zamani za baba mkwe wake
nyasi za koironi zilimfikia mwanakondoo masikioni.
Kisha kondoo elfu mbili. Kisha mwaka ule wa majivu,
mlima ulipotapika ng'ambo ya mpaka,
wakafa wamesimama, sufu nzito kama saruji.
Leo anao mia nne na kumi na tatu.
"Haikwisha siku moja," anasema.
Haba na haba hujaza kibaba;
haba na haba hukitoboa pia.

"Itachukua miaka mingapi kurudi?"

Anselmo ananitazama. Mimi natazama mfuko,
naandika juu yake: P-17.
"Mingi kuliko yetu sote tukiijumlisha."

"Mimi sabini na mmoja," anasema. "Anselmo?"
Thelathini na minne.
"Nawe?"
Arobaini na minne.
Anahesabu kwa vidole vyenye nyufa.
"Mia moja arobaini na tisa."
Anamwangalia mbwa.
"Na huyu tisa."

Huko Trelew, Irma Pugh anapima gramu kumi,
anazitia tanurini, digrii mia tano na hamsini, saa nne.
Anazitoa, anazipoza, anazipima tena.
Kilichopungua ndicho kilichowahi kuishi:
jani, mzizi, mavi ya kondoo, mguu wa mende.
Moto huzaa jivu, walisema wahenga.
Sisi jivu tunalimwaga.
Tunamhesabu yule aliyetoroka.

Chini ya neneo: tisa nukta sitini na mbili.
Peupe, upande wangu: tisa nukta themanini na sita.
Peupe, upande wa Anselmo: tisa nukta themanini na saba.

Miaka kumi na tisa ya seng'enge,
na tofauti ni uzito wa kope iliyoanguka.
Irma anafuta miwani. Anasema mizani yenyewe
inaweza kukosea kiasi hicho,
mtu akipumua karibu.

Nilimpigia Bi Ceferina. Sikupamba.
Alikaa kimya, nikasikia birika likianza kuimba.
"Kope moja," akasema. "Haya.
Nimelihamisha jiwe la chumvi, nimelipeleka mbali,
kondoo wasije tena kulala juu ya neneo."
Nilitaka kumwambia kwamba hilo hatukulipima,
kwamba sina namba ya jiwe la chumvi.
Upepo ukaingia kwenye simu, ukazungumza peke yake
muda mrefu.
Sikukata.