Injini Mezani

Pistoni imelala juu ya gazeti la juzi.
Ringi zimelika; silinda ina mikwaruzo
kama goti la mtoto anayejifunza baiskeli.
Lachlan anapima, anaandika, anafuta:
ringi, gasketi, vali mbili, kuchonga silinda upya.
Mashine mpya, kule Invercargill,
ni nafuu kwa dola arobaini.

"Hiyo ilikuwa haikati nyasi," anasema Doreen,
"ilikuwa inakunywa oili na kufukiza mbu.
Azima kondoo wa jirani."

Mvua ya Oktoba haingoji hesabu;
nyasi zimeshafika dirishani mwa banda.

Kipya kinyemi.
Kidonda, dukani, hakitajwi.

Hajaamua.
Ila skrubu anazitia kwenye trei ya mayai,
moja moja,
kwa mfuatano zilivyotoka.